Mashavu Yaliyojaa Misumari

Chumbani kwangu,
9 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima na nyundo yako ikiendelea kugonga kwa mpigo ule ule. Mimi ni mzima, ingawa mama angeniona angesema nimekonda, na kwa mama kukonda ni ugonjwa unaojitegemea. Barua naikabidhi kwa dereva wa lori linalokuletea sponji za makochi, ambaye ameniapia kwamba safari hii hataisahau chini ya kiti chake mpaka imwagikiwe chai.

Chumba changu ni kile kile: kitanda, meza, dirisha linalotazama ukuta wa jirani, na kiti ulichonipa nilipokuja likizo. Wenzangu wa ofisini wakinitembelea hukigombania. Juzi mmoja alikikalia akasinzia katikati ya hoja yangu, nami mpaka sasa sijui nikilaumu kiti au niilaumu hoja.

Kazi katika shirika la maji inaendelea. Mchana kutwa nawajibu wateja kwenye mitandao ya kijamii. Hunitukana kwa sababu ya mabomba ambayo sikuyapasua mimi, nami huwajibu kwa adabu, kwa jina la shirika. Jioni, kwa jina langu mwenyewe, huwa nimeichoka adabu; naingia kwenye mijadala na kusema ninachofikiri. Mwezi uliopita niliandika huko makala kuhusu heshima ya mtu katika zama hizi za picha. Ilisomwa na watu wengi kuliko nilivyotarajia, na waliojaribu kuipinga hawakuwa wamejiandaa. Nitakuchapishia uisome.

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe. Mama amenipigia simu kwamba familia ya mchumba wa mdogo wangu itakuja nyumbani mwezi wa nne, na kwamba wewe ndiwe utakayesema kwa niaba yetu. Nimefurahi sana. Tangu baba atutoke, sijasikia mtu mwingine akisimama mbele ya watu kama wewe: unavyonyamaza kidogo kabla ya neno la kwanza, mpaka hata wenye kikohozi wanajizuia. Mimi ninayasoma maandishi ya wasemaji wakubwa, lakini unyamavu ule sijaukuta kitabuni.

Picha nilizokupiga karakanani wakati wa likizo ninazo. Zimetoka vizuri. Nikija nitakuletea.

Wako mpwa.


Karakanani,
2 Machi

Mpwa wangu, Bwana Hoja,

Marahaba. Barua imefika, na chai haikuigusa. Safari hii inanuka dizeli tu. Sisi huku ni wazima. Mama yako goti lilimsumbua kidogo, sasa anatembea na kugombana kama zamani. Mdogo wako ameanza kupima mapazia ya nyumba ambayo bado hajahamia. Nimemwambia apunguze haraka, akaniambia nipunguze maneno. Kwa hiyo amani ipo.

Usiruhusu mtu mzito akalie mkono wa hicho kiti, ule wa kuegemeza kiwiko. Mkono si kiti.

Kuna jambo nataka unisaidie kulielewa. Kwa wiki kadhaa sasa wateja wakiingia hapa wananitazama, kisha wanatazama chini. Wengine wanatabasamu kabla sijawasalimu. Nilidhani nimetoboka suruali. Nikawa nakwenda kwenye kioo cha kabati la mteja kujikagua, sikuona kitu.

Wiki iliyopita alikuja mwalimu wa chekechea wa mtaani kwetu, ameniletea viti vyake vya sebuleni nivibadilishe kitambaa. Akaniangalia, akasema, "Samahani mzee, si wewe yule wa kwenye simu?" Nikamwambia simu yangu ni ya vibonyezo, siwezi kuingia ndani yake hata nikitaka. Akacheka, akanionyesha ya kwake.

Ni mimi kweli. Unajua kazi yetu: mkono mmoja unavuta kitambaa, mwingine umeshika nyundo, basi misumari hukaa mdomoni na ulimi unaisukuma nje mmoja mmoja. Hapo mashavu yamejaa, macho yamenitoka, midomo nimeibana kama mtu aliyekatazwa kusema. Nyuma yangu kuna pazia la bluu la karakana. Chini yameandikwa maneno: "Nina neno, ila acha tu." Mwalimu akanieleza kwamba inaitwa stika, kwamba watu wanatumiana wakiwa na la kusema wasilotaka kulisema, na kwamba yeye alitumiwa na shemeji yake anayeishi mbali sana na hapa. Aliponiona sicheki, naye akaacha kucheka, akaanza kuzungumzia kitambaa.

Sasa wewe ndiwe msomi wetu, na mambo hayo ndiyo kazi yako. Nieleze: picha ya mtu hufikaje huko bila mwenyewe kuipeleka? Inaanzia kwa nani? Sikuulizi kwa hasira. Nauliza ili nijue.

Mjomba wako.


Chumbani kwangu,
16 Machi

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia mama anagombana. Nilianza kuwa na wasiwasi. Mimi niko salama. Jirani yangu amepaka ukuta wake rangi ya njano, kwa hiyo sasa dirisha langu lina mandhari.

Swali lako ni zito kuliko linavyoonekana, na nitalijibu kwa utaratibu. Kosa la kwanza tunalofanya kuhusu mitandao ni kudhani kwamba ina mlango mmoja, na kwamba kila kitu kilichomo kiliingizwa na mtu mmoja aliyesimama mlangoni. Sivyo. Picha hupita mikono mingi, kila mkono ukiipunguza au kuiongezea kitu. Mmoja anaikata kingo, mwingine anaiandika maneno, wa tatu anaituma kwa mtu asiyemjua wa kwanza. Kuuliza nani alianza ni sawa na kuuliza ni tone lipi la mvua lililolowesha shati.

Pili, usidhani kwamba watu wanakucheka wewe. Wasiokujua hawawezi kukucheka. Uso wako kwao umeacha kuwa uso wa mtu, umekuwa alama, kama vile alama ya mshangao isivyokuwa na mama wala baba. Wataalamu wengi wameliandika jambo hili. Kwa kweli, ukilitazama vizuri, ni aina ya sifa: maelfu ya watu wanaona kwamba hakuna uso unaoeleza kunyamaza kuliko wako.

Stika yenyewe mimi sijaiona. Kama ningekuwa wewe, ningejiuliza kuhusu huyo mwalimu. Mara nyingi mtu anayekuwa wa kwanza kukuonyesha kitu ndiye anayekijua asili yake, na yeye amekuwa akiingia karakanani na simu yenye kamera. Simtuhumu; nasema huenda. Nitafanya uchunguzi kwa upande wangu.

Ushauri wangu ni kwamba usilipe jambo hili uzito. Mitandao ina njaa ya kila siku. Baada ya wiki mbili itakuwa inamtafuna mtu mwingine. Fikiria kikao cha wageni, ambacho ndicho muhimu.

Wako mpwa.


Karakanani,
22 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Usishangae mwandiko. Kidole gumba kimefungwa kitambaa, na kalamu naishika kama mwiko.

Barua yako niliisoma mara kadhaa. Imeandikwa vizuri. Nilimsomea mama yako kile kipande cha alama isiyokuwa na mama wala baba, akauliza, "Kwani wewe huna mama na baba?" Nikaikunja barua.

Kidole kimeumia kwa sababu misumari sikuiweka mdomoni. Watoto wa shule wanapita hapa wakitoka masomoni, wanasimama mlangoni na kujaza mashavu upepo. Mwanzo niliwafukuza. Wakifukuzwa wanarudi wengi zaidi. Basi nikanunua bakuli, nikaweka misumari ndani. Kila msumari inabidi niinamie bakuli, niachie kitambaa, nikivute tena upya. Kazi niliyoifanya nikiwa nimefumba macho sasa naifanya kama mtu aliyeanza jana, na katika kuinama na kuinuka nikajigonga mwenyewe.

Yule mwalimu nilimuuliza. Wewe ulisema huenda, na mimi nikaona msomi hasemi bure. Nilimuuliza kwa upole kama ni yeye aliyenipiga ile picha. Akamwita mtu mwenye mkokoteni, akachukua viti vyake vikiwa havijavishwa, sponji zikiwa nje, akaondoka navyo barabarani watu wakiangalia. Nimemfahamu mwanamke yule tangu akiwa msichana.

Sasa nikueleze kikao. Wageni walikuja, watu wa heshima, wametulia. Wakati wangu ulipofika nikasimama. Nikanyamaza kidogo, kama ulivyosema. Katika ule unyamavu kijana mmoja upande wao akavimbisha mashavu. Mwenzake akapasuka kicheko, akajifanya anakohoa. Basi kikaenda mstari mzima, hata wakubwa wakawa wanatazama magoti yao na mabega yanatikisika. Nikasema, "Karibuni wageni," nikakaa. Hiyo ndiyo ilikuwa hotuba yangu yote. Mama yako akasimama akamalizia, na goti lake lile. Mchumba mwenyewe alikuja baadaye kuniomba radhi. Ni kijana mwema. Mdogo wako alikuwa jikoni, macho mekundu. Aliniambia ni vitunguu.

Harusi ni tarehe 13 Julai. Nimemwambia mama yako kwamba safari hiyo utasema wewe. Mimi nitakaa nyuma, karibu na mlango. Umesoma, sauti unayo, na uso wako hakuna anayeujua. Jiandae vizuri.

Uchunguzi wako umefika wapi?

Mjomba wako.


Chumbani kwangu,
5 Mei

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo, na pole sana kwa kidole. Nimekununulia dawa ya kupaka. Dereva anayo pamoja na barua hii.

Heshima uliyonipa nimeipokea kwa mikono miwili. Nimekwisha kuandika rasimu ya hotuba. Inaanza na maana ya neno undugu, inapita kwenye historia ya familia yetu, na inaishia kwa mdogo wangu. Mama asihofu, nitaifupisha.

Kuhusu mwalimu, nimesikitika. Ila kwa ajili ya ukweli nikumbushe kwamba niliandika "huenda". Sikuandika "ndiyo".

Siku hizi nimejaribu kuitazama simu yangu kama kitu cha mtu mwingine, na ninachokiona hakinipendezi. Asubuhi mkono wangu huifikia kabla macho hayajafunguka. Nikiwa kwenye foleni ya benki, nikiwa chooni, nikiwa nasubiri maji ya kuoga yachemke, naitoa, na sijui nimeitoa ili nione nini. Nasoma ugomvi wa watu nisiowajua, nachagua upande, naandika, kisha kila baada ya muda mfupi narudi kuangalia nani amenisifu. Akitokea wa kunipinga, moyo unaruka kwa furaha. Nimegundua kwamba siku nzima huwa natafuta mahali pa kukasirikia. Tena nikiandika jambo la kuchekesha likasambaa, najisikia mkubwa hadi kesho yake, na kesho yake nahitaji lingine.

Nimejitoa kwenye makundi kadhaa. La vijana wa ukoo wetu nimejitoa pia.

Kuna jambo jingine ningependa tuzungumze, lakini barua si mahali pake. Tutaonana harusini.

Uchunguzi bado unaendelea.

Wako mpwa.


Chumbani kwangu,
30 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Lori limekuja na kurudi, likaja tena, bila barua yako. Dereva ameniambia ninyi nyote ni wazima, kwamba dawa ya kidole ulimshukuru, na kwamba alipokuuliza kama kuna mzigo wa kwangu ulimuuliza habari za barabara.

Nimeandika barua hii mara nyingi. Zile za mwanzo zilikuwa ndefu na zilikuwa na hoja. Hii haina hoja.

Picha niliipiga mimi. Unajua niliipiga mimi, kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyekupiga picha karakanani. Nashangaa sasa nilitegemea usilikumbuke hilo. Siku ile ile ya likizo, nikiwa nimekaa kwenye kibao chako, wewe ukiwa unafanya kazi hatua chache kutoka nilipo, niliikata kingo, nikaiandika maneno, nikaituma kwenye kundi la vijana wa ukoo. Walicheka sana. Uliniuliza nacheka nini, nikakwambia ni mambo ya vijana. Ukatabasamu na misumari yako mdomoni, ukaendelea.

Mmoja wao aliituma nje. Mwezi wa kwanza ikanirudia ofisini, katika kundi letu la kazi, imetumwa na mtu asiyemjua yeyote katika familia yetu. Mjomba, nitakueleza nilivyojisikia, kwa sababu nikilificha hili nitakuwa sijasema kitu. Sikuona aibu. Niliona fahari. Nilijiona kama mwandishi aliyesikia maneno yake yakisemwa na wapita njia. Nilianza kuitafuta kwenye kurasa za watu wengine ili nione imefika wapi. Katika wiki hizo hizo ndipo nilipoandika ile makala ya heshima ya mtu.

Halafu mkuu wangu wa idara akaandika katika kundi, "Huyu mzee ni nani lakini?" Mmoja akajibu kwamba lazima ni mlevi fulani. Mwingine akasema amemeza funguo za mkewe. Mkuu akaniuliza mimi kwa jina, kwa kuwa mimi ndiye najua kila kitu cha mitandaoni: "Unamjua?" Nilikuwa nimekaa kwenye meza yangu, nao wamekaa kwenye za kwao, wote tunasikiana tukicheka. Niliandika, "Simjui." Na kwa kuwa waliendelea kucheka, nikaongeza utani wangu mmoja juu yako ili nisiachwe nyuma. Sitauandika hapa. Ulichekesha kuliko ya wengine wote.

Kwa hiyo uliponiuliza picha ya mtu hufikaje huko, nilikuwa na jibu la maneno matatu, nikakuandikia kurasa mbili. Nikakwambia sijaiona. Nikamtupia lawama mwalimu asiye na kosa lolote, na alipoondoka na viti vyake nikakufundisha tofauti ya "huenda" na "ndiyo". Ukanipa nafasi yako ya kusimama, ambayo mimi ndiye niliyekunyang'anya, na mimi nikaipokea kwa mikono miwili nikaanza kuandika maana ya undugu.

Sijui niombe nini. Nikiomba msamaha naona naomba kitu kikubwa kwa sentensi ndogo. Nasubiri lolote utakalosema, na ukiamua usiseme, nitaelewa pia.

Mpwa wako.


Karakanani,
14 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Mama yako ni mzima. Mdogo wako amemaliza mapazia, sasa anagombana na fundi keki.

Nilijua tangu siku ya mwalimu. Ukiiangalia ile picha vizuri, kwa chini, pembeni ya maneno yako, unaonekana mguu wa kiti. Mguu ule niliuchonga mwenyewe; ni wa kiti chako, hicho ulichokikalia ukiniandikia. Nilikuwa nakivisha ili uondoke nacho jioni ile, ndiyo maana nilikuwa nimejaza misumari mingi kuliko kawaida. Nilikuwa nafanya haraka kwa ajili yako.

Kwa hiyo kila barua niliyokuandikia ilikuwa na swali moja tu, mengine yalikuwa salamu. Nilipoona jibu lako la kwanza nilicheka kidogo. Nikasema, huyu anazunguka, atafika. La pili sikucheka, wala sikuweza kulijibu. Mama yako sikumwambia.

Utauliza kwa nini sikukwambia wazi. Wewe ukiambiwa kosa lako unalijibu, na ukianza kujibu mwaka unaisha. Nilitaka ulifikie mwenyewe, mahali pasipo na mtu wa kubishana naye. Mara nyingi nilishika kalamu nikitaka kusema, nikaacha. Yale maneno uliyoniandikia chini ya uso wangu yalinifaa kweli.

Na mimi nina kosa langu. Kwa mwalimu nilijua si yeye, nikamuuliza hata hivyo, kwa kuwa nilitaka nikuandikie kwamba nimemuuliza, nione kama utamwacha abebe lawama. Nilimtumia mtu mzima kama chambo. Nimekwenda kwake kumwomba radhi. Alinisikiliza akiwa amesimama. Viti hajavirudisha.

Picha sikuombi uifute. Najua haifutiki, na watu wakitaka kucheka hawakosi cha kuchekea. Lililonichoma haliko kwenye picha. Uliulizwa kama unanijua, ukasema hunijui. Nimelisoma hilo nikakaa chini, na sikai chini kabla ya saa ya kufunga.

Nenda ukawaambie unanijua. Pale pale uliposema hunijui, kwa watu wale wale. Ukishafanya hivyo tutaongea habari za harusi. Kabla ya hapo sina la kuongeza.

Mjomba wako.


Chumbani kwangu,
27 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Wasalimie wote.

Nilidhani ni jambo la dakika moja. Lilinichukua siku nyingi. Kila asubuhi niliandika maelezo, na kila maelezo yalianza kugeuka makala: mara nilikuwa naeleza hali ya mtu na teknolojia, mara nilikuwa nawalaumu wao kwa kucheka. Nikawa nafuta. Siku moja niliandika vizuri sana, nikajikuta nawaza watanisifu kwa uungwana wangu. Hiyo niliifuta kwa haraka kuliko zote.

Jumatatu, saa ya kazi, wote tukiwa kwenye meza zetu, niliandika hivi: "Yule mzee wa stika ni mjomba wangu, kaka yake mama. Ni fundi makochi, na mdomoni ana misumari. Picha niliipiga mimi. Mliponiuliza, nilisema simjui. Namjua."

Simu zote ofisini ziliita kwa pamoja. Hakuna aliyeinua kichwa. Kisha mmoja wao, nadhani kwa kukosa la kufanya, au kwa mazoea ya kidole, alijibu kwa stika. Ilikuwa hiyo hiyo. Uso wako ukatokea chini ya maneno yangu, umejaza mashavu, unasema una neno ila acha tu.

Nilikutazama, Mjomba. Niliutafuta mguu wa kiti, nikauona. Nimeitazama picha hiyo mara nyingi kuliko mtu yeyote duniani, na sikuwa nimeuona.

Baadaye mkuu wa idara alipita kwenye meza yangu, akasema, "Ungesema tu." Akaenda zake. Yule wa funguo za mkewe hajanisalimu tangu siku hiyo. Nadhani naye anaona aibu, na aibu yake pia nimeisababisha mimi. Chini ya makala yangu ya heshima nimeandika yale yale niliyowaandikia wao. Wengi wamekuja kunitukana, wengine kwa hoja dhaifu sana. Sijawajibu. Inauma kama kuacha sigara, lakini sijawajibu.

Kwa mwalimu nimeandika barua. Dereva atampelekea mkononi. Simwombi arudishe viti. Nimemwambia tu ni nani.

Hotuba nimeichana. Haikuwa mbaya, lakini si ya kwangu. Kama hutasimama wewe, nitamwomba mama asisimame mtu. Nitakuja Alhamisi kabla ya harusi, na nikifika sitatafuta pa kukaa mpaka uniambie.

Mpwa wako.


Karakanani,
4 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Dereva ananisubiri na injini inanguruma, kwa hiyo barua ni fupi.

Kidole kimepona na bakuli nimempa mama yako awekee chumvi. Watoto bado wanakuja mlangoni kujaza mashavu. Nami najaza ya kwangu, nayajaza kuwashinda, wameanza kuchoka. Mwalimu ameleta viti viwili. Anasema viwili vingine ataona.

Alhamisi ukifika kuna kochi la kugeuza, nami peke yangu silinyanyui. Pa kukaa papo.

Harusini nitasema mwenyewe. Wewe kaa safu ya mbele, mahali nitakapokuona, na simu umwachie mama yako. Nikinyamaza kidogo kabla ya neno la kwanza, usiogope. Wakicheka, usigeuke kuwatazama, wala usiwajibu. Nitazame mimi.

Mjomba wako.